Nyenje Kichwani mwa Makuri

Mjukuu wangu Rhobi ameniambia kwamba ninyi wanafunzi wenzake wa uuguzi mnataka niwaandikie "changamoto za kazi enzi za ujamaa". Changamoto! Sisi neno hilo hatukuwa nalo. Tulikuwa na makosa, na kila kosa lilikuwa na mwenyewe. Kwa hiyo kama mlitaka bibi awapigie soga tamu za zamani, mtafuteni bibi mwingine. Mimi nina hasira. Nimestaafu nayo, nimezeeka nayo, na sitaki kuzikwa nayo kabla hamjaisikia.

Nilikuwa nesi msaidizi kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Serengeti, si mbali na Ringwani. Jina la kijiji silitaji, maana wajukuu wa watu nitakaowasema bado wanaishi pale. Mimi naitwa Ghati, lakini watu walinizoea kwa jina la Mama Masikio, na jina hilo lilianza na kupe.

Mzee mmoja mfugaji kutoka Nyansurura aliletwa ameshikwa na wanawe wawili wenye miili mikubwa. Alikuwa anapiga kelele kwamba amerogwa, kwamba kuna fahali anatembea ndani ya kichwa chake. Nikachungulia sikioni kwa tochi nikaona kitu kinasogea. Nikachukua koleo, tayari kuvuta. Bwana Athumani akanipiga kofi mkononi.

Huyu Bwana Athumani alikuwa mganga msaidizi, ndiye mkuu wangu. Alizaliwa Tarime mjini; baba yake alikuja kutoka pwani na cherehani, akashona kanzu na kaptula mpaka akafa. Mwanawe akarithi ile subira ya fundi cherehani. Hakuwahi kuharakisha kitu.

"Ukikivuta kikiwa hai, kitang'ata," akasema. "Kizamishe kwanza. Mafuta ya kula. Yapashe moto kidogo."

Kupasha moto nikaona ni kupoteza muda, fahali anatembea kichwani mwa mtu! Nikamimina mafuta ya baridi, moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Mzee akageuza macho, akashika ukingo wa kitanda kama mtu aliye kwenye lori linalopinduka, halafu akanitapikia viatu. Viatu vyangu vyeupe, vya pekee.

Wanawe walitaka kunipiga. Bwana Athumani akawatuliza, akapasha mafuta mpaka yakalingana na joto la mwili, akamimina, akasubiri. Kupe akaelea juu, mdogo kama punje ya mtama. Mzee akamtazama kiganjani kwa muda mrefu, akasema, "Tata, baba yangu, huyu ndiye fahali?"

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo penye somo, na mkilikosa hili mengine yote hayatawasaidia. Kupe alisikika kama fahali kwa sababu alikuwa anatembea juu ya ngozi ya ngoma ya sikio yenyewe. Na mzee alitapika kwa sababu sikio lina kazi mbili. "Mle ndani," Bwana Athumani aliniambia nilipokuwa nasafisha viatu, "kuna chumba cha kusikia na chumba cha kusimama wima. Ukuta wao ni mmoja. Ukitia baridi huku, mtu anaanguka. Ukiharibu kimoja, nenda kaangalie na cha pili."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba jicho lina kope na kinywa kina midomo, lakini sikio halina mlango; linapokea kila kitu, hata ukiwa usingizini, ndiyo maana mama anaweza kulala mvua ikipiga bati na akaamshwa na mtoto wake akikoroma vibaya. Alinifundisha kumpima mtu bila chombo: simama nyuma yake, asikuone mdomo, azibe sikio moja, nong'ona jina la mti au la ng'ombe, arudie. Alinipeleka mpaka kwenye josho kunionyesha ng'ombe. "Tazama masikio yao. Moja linakusikiliza wewe, lingine linamsikiliza ndama. Sisi yetu yamegandishwa, ndiyo maana tunageuza kichwa kizima kama wajinga." Na alinikataza kabisa, mpaka leo nawakataza ninyi, kuchokonoa sikio kwa kijiti cha kiberiti, unyoya wa kuku, pini, au kile kijiti chenye pamba mnachonunua dukani. Nta inatoka yenyewe. Iacheni.

Bwana Athumani akahamishwa. Mimi nikabaki na zahanati, na kabati la dawa, na kiburi. Watu walikuwa wananiletea masikio hata kutoka Kisaka. Nilitoa punje za mahindi, shanga, na harage lililokuwa limeanza kuchipua kwa mtoto wa miaka mitano. Nilijiona najua.

Ndipo akaja Makuri.

Makuri alikuwa mrina asali. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Baba yake Mkurya, mama yake Mwikoma, na wajomba zake wa kukeni walikuwa wawindaji waliomlea porini kabla hatujahamishiwa kijijini. Mke wake aliitwa Wankuru. Makuri alikuwa amekohoa miezi, damu imeanza kutoka, hospitali kubwa wakampima makohozi wakamkuta na kifua kikuu. Wakamrudisha kwangu na karatasi: vidonge, na sindano ya streptomaisini kila siku kwa siku sitini. Gramu moja. Karatasi haikusema kitu kingine chochote.

Kila asubuhi alikuja, akakaa kwenye benchi, akanyoosha paja, na akaongea. Mengi ninayoyajua kuhusu masikio ya wanyama niliyapata kwenye benchi lile, sikuyapata chuoni.

"Nesi, unamjua yule bweha mwenye masikio kama majani ya tumbaku?"

"Namjua."

"Yule hawindi kwa macho. Anainamisha kichwa, anawasikiliza wadudu chini ya udongo wakitembea. Akishawasikia vizuri, ndipo anachimba. Hakosei."

Siku nyingine ilikuwa zamu ya nyoka. Nyoka hana tundu la sikio, akasema, lakini amelaza taya lake ardhini na hatua yako inapanda ndani ya mfupa. Siku nyingine tembo. Wajomba walimfundisha kwamba kundi la tembo likiganda ghafla lote, kila mmoja amekandamiza miguu ya mbele chini, basi wanasikiliza kitu ambacho wewe hukisikii, na afadhali uondoke. Nilimcheka.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, Rhobi akanisomea kwamba wataalamu wamegundua tembo huitana kwa sauti nzito mno, iliyo chini ya uwezo wa sikio la binadamu, na kwamba mtetemo wake hupita ardhini nao huupokea kwa nyayo. Wamegundua! Wajomba wa Makuri hakuna aliyewauliza.

Kama sindano ya ishirini hivi, Makuri alikaa kwenye benchi bila hadithi. Nikamuuliza ana nini.

"Kuna nyenje kichwani," akasema. "Wanalia mchana kutwa. Wankuru hawasikii. Majirani hawawasikii. Ni mimi tu."

Mnajua nilimjibu nini? Andikeni, maana ninyi mnapenda kuandika. Nilimwambia, "Hiyo ni njaa, baba. Kunywa uji mzito." Nikamchoma.

Nilikuwa nimefundishwa na mtu mwenye subira kwamba sikio likianza kulia lenyewe, linasema kitu. Mimi niliyeitwa Mama Masikio! Lakini nyuma yake walikuwa wamekaa watu thelathini, watoto wa kupima uzito wanalia, na karatasi ya hospitali kubwa ilisema sitini. Kwangu karatasi ilikuwa kubwa kuliko mgonjwa. Sindano ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili. Nyenje wakaongezeka. Nikaendelea mpaka sitini, na kila moja nikaitia sahihi yangu kwenye kadi.

Kikohozi kilikwisha. Akanenepa kidogo. Mimi nikajisifu.

Sikio halizimiki lote kwa mara moja. Huanza na sauti nyembamba. Makuri alikuja kuniambia kwamba ndege wa asali, yule anayekuita na kukuongoza mpaka kwenye mzinga, mwaka ule amenyamaza. "Namuona anaruka mti kwa mti, mkia wazi, mdomo unafunguka. Lakini haimbi." Ndege alikuwa anaimba kama kawaida. Baada ya hapo zikapotea sauti za watoto. Halafu za wanawake. Wankuru, mwenye sauti nyembamba, alikuwa anamwita chakula kikipoa na yeye ametulia tu, lakini mwanamume mwenye sauti nzito akimsalimia, anaitika. Watu wakaanza kusema, "Makuri anasikia anachotaka kusikia." Wankuru mwenyewe alikaa siku tatu bila kuongea naye, kwa hasira. Aliniambia haya baadaye, akijipiga kifua.

Na akaanza kuyumba. Chumba cha pili, mnakumbuka? Ukuta mmoja. Mchana kweupe alitembea kwa kutanua miguu kama mtu aliye kwenye mtumbwi. Akiinama kuokota jembe, anaanguka. Mtu anayerina asali, anayejulikana anapika pombe ya asali, anayumba barabarani saa nne asubuhi. Ninyi mngesema nini? Kijiji kilisema hivyo hivyo.

Katibu wa kijiji alikuwa Ndugu Wambura, kijana msomi, suruali imenyooshwa kwa pasi hata siku ya kupalilia. Sitamsingizia: alichimba vyoo kwa mikono yake, na shule ya kijiji aliisimamia mpaka ikaezekwa. Lakini alikuwa mtu wa kengele. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya godauni la pamba, na ilipogongwa asubuhi, kila mwenye nguvu alitakiwa shamba la ujamaa. Makuri akaanza kuchelewa. Halafu akawa haji kabisa mpaka mtu amguse bega. Wambura akaandika jina lake kwenye daftari: mlevi, mkaidi.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Makuri akasimamishwa kwenye jukwaa la mbao mbele ya godauni, pale marobota ya pamba yalipokuwa yanapakiwa. Wankuru akapaza sauti kutoka upande wa wanawake: "Ndugu Katibu, mume wangu hasikii! Si mlevi, hasikii!"

"Anamsikia mwenyekiti akimsalimia," Wambura akajibu. "Anasikia, mama. Tutaonyesha hapa hapa."

Kufikia siku ile Makuri alikuwa hasikii hata sauti nzito. Alikuwa anatazama midomo tu. Wambura akamwelekeza ageuke, atazame upande wa shule. Akanyanyua kidole. Mtu mmoja nyuma yake, penye nguzo, akainua nyundo akaigonga rimu kwa nguvu zake zote.

Makuri akageuka.

Kijiji kizima kikapiga makofi. Wengine wakazomea. "Umeona? Umeona?" Wankuru akamtazama mumewe kama mtu aliyesalitiwa.

Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele, na sare yangu. Na mimi nilijua. Rimu ilikuwa imening'inia kwenye nguzo, nguzo imeshikana na jukwaa, mbao zikatetemeka na Makuri akasikia kwa nyayo, kama tembo wake, kama nyoka wake. Kusema ukweli ule kulihitaji maneno machache tu: "Ashuke kwenye mbao, asimame kwenye vumbi, agongewe tena." Basi. Jambo la dakika moja.

Makuri akanitazama. Alijua kwamba ninajua. Tulikuwa tumeongea habari za nyayo za tembo siku nzima kwenye benchi langu.

Sikusimama. Ningesimama, swali linalofuata lingekuwa, "Nesi, basi nini kimemziba masikio?" Na jibu nilikuwa nimeshalihisi, maana nyenje walianza na sindano: lilikuwa kwenye kabati langu, kwenye kadi yenye sahihi zangu sitini. Niliangalia viatu vyangu. Nawaambia hivi bila kulia kwa sababu nimeshalia vya kutosha. Kilichobaki ni hasira, na ya kwanza ni juu yangu mwenyewe.

Adhabu ikatolewa. Makuri alinde shamba la mahindi la ujamaa kule mtoni, peke yake, kila siku jua likichomoza mpaka likizama, mpaka mavuno. Ni kazi ya masikio, jamani! Mlinzi wa shamba kule kwetu hulinda kwa masikio: unasikia kima wakiparua, unasikia bua likivunjika, unasikia pumzi ya mnyama kabla hujamuona, maana mahindi yamekuzidi kimo. Wakampa kazi hiyo mtu waliyetoka kuambiwa hasikii, na anayeyumba, hawezi kukimbia hatua kumi bila kuanguka. Wambura hakuwa na nia ya kumuua. Hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikamaliza. Alikuwa na hakika tu. Jihadharini na mtu mwenye hakika, na mjihadhari zaidi siku mtu huyo akiwa ni wewe.

Haikufika wiki tatu. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda, wanawake wako mtoni wanachota maji, Wankuru akiwemo. Makuri alikuwa amewapa mgongo, anawarushia ngedere mawe. Nyuma yake matete yakafunguka akatoka mbogo dume, mmoja, mzee, wa wale wanaofukuzwa na kundi.

Wanawake wakapiga kelele. Wakagonga ndoo. Wankuru ndiye aliyekuwa karibu zaidi, akakimbia akiliita jina lake, kwa ile sauti yake nyembamba, ile iliyopotea mapema. Akamwita mpaka sauti ikakatika. Makuri akaokota jiwe lingine, akamlenga ngedere.

Walimleta kwangu kwenye mlango wa mbao uliong'olewa. Nilifanya nilichojua: nilifunga, nilibana, nilichoma sindano ya maumivu. Lori la kwenda hospitali lilikuwa halina mafuta. Alikaa mpaka mchana. Akili yake ilikuwa nzima. Nikainama nikamwambia, "Makuri, nisamehe. Nilijua siku ile. Nisamehe."

Akakunja uso akinitazama midomo, na midomo yangu ilikuwa inatetemeka, haisomeki. Akauliza kwa sauti kubwa, ile ya watu ambao hawajisikii wenyewe:

"Unasema nini, nesi?"

Ndugu zake walikuwa wamejaa mlangoni. Sikuweza kurudia. Akafa anasubiri nirudie.

Msibani nilisimama. Nilichelewa, lakini nilisimama. Nikasema mbele ya wazee, mbele ya Wambura na daftari lake, kwamba Makuri hakuwa mlevi, kwamba sindano niliyomchoma ndiyo iliyompokonya masikio na miguu, na kwamba siku ya mkutano aligeuka kwa sababu mbao zilitetemeka. Wambura akasema kwamba ni ajali ya mnyama na taarifa imeshaandikwa. Wankuru alinyanyuka taratibu.

"Siku ile ulikuwa umekaa mbele," akasema. "Ulijua?"

"Nilijua."

Hakunitukana. Alinigeuzia mgongo, na wanawake wote waliokuwa wamekaa naye wakanigeuzia migongo. Wambura, kwa taarifa yenu, mwaka uliofuata alipandishwa cheo, akaenda kusimamia vijiji vingi zaidi.

Nikapanda lori mpaka hospitali kubwa. Daktari aliyeandika ile karatasi nilimkuta anakunywa chai. Nikamweleza kila kitu. Akasikiliza, akaweka kikombe.

"Dawa ile huweza kuharibu masikio na mizani ya mwili," akasema. "Inajulikana. Hasa kwa mtu mwembamba kama huyo, gramu moja ni nyingi."

"Inajulikana na nani?"

"Imeandikwa vitabuni."

"Kwenye karatasi yangu haikuandikwa."

Akaanza kukasirika. "Nesi, kifua kingemuua. Ulitaka nichague nini? Masikio au uhai? Nilimchagulia uhai."

"Ulichagua wewe," nikamwambia. "Yeye hakuulizwa. Hakuambiwa hata kwamba kuna cha kuchagua. Alipewa nyenje kichwani, akaja kuniambia, nikamwambia anywe uji."

Daktari akaniambia nimekosa adabu. Nikamwambia ni kweli, nimeikosa, niliiacha kwenye benchi la zahanati. Barua ya onyo ilinifuata baada ya mwezi. Ninayo mpaka leo.

Nimewaambia kwamba dawa ile iliua? Hapana, msiende mkasema hivyo. Dawa ile iliokoa watu wengi, na niliendelea kuichoma miaka mingi. Kilichomwua Makuri ni midomo iliyofungwa: ya daktari, yangu, na ya kila aliyepiga makofi. Tangu siku ile, kila mgonjwa wa sindano hizo nilimpima uzito kwanza, na kila asubuhi kabla ya kuvuta dawa nilimuuliza mambo matatu: Kuna mlio masikioni? Ukisimama umefumba macho unayumba? Jana kuna mtu alikuita hukumsikia? Halafu nazunguka nyuma yake, nanong'ona. Foleni ilinung'unika. Iache inung'unike.

Ilipita kama miaka miwili. Asubuhi moja, kwenye benchi, nikamkuta Wankuru. Amekonda, khanga mdomoni, anakohoa. Aliambukizwa zamani na mumewe, ugonjwa ukamlalia ndani. Zahanati nyingine ilikuwa mbali mno kuiendea kila siku kwa mtu aliye hoi kama yeye, la sivyo asingekuja kwangu. Alinipa karatasi ya hospitali bila kunisalimia. Streptomaisini, siku sitini.

Nilimpima uzito. Nikamweleza yote, hatua kwa hatua, hasara na faida. Nikampunguzia dozi kulingana na kilo zake, nikatuma maneno hospitali kuwaarifu, sikungoja ruhusa. Kila asubuhi nikamuuliza yale mambo matatu, na kila asubuhi alijibu neno moja, "Hapana," akitazama ukuta. Nikasimama nyuma yake nikanong'ona majina ya miti, naye akayarudia kwa sauti kavu. Mkwaju. Mkuyu. Mgunga. Hivyo ndivyo tulivyoongea, siku thelathini na moja.

Siku ya thelathini na mbili nilimuuliza kama kuna mlio. Akashika sikio. Nilikuwa nimeshavuta dawa, sindano iko mkononi, foleni imefika barazani.

"Tangu jana jioni," akasema. "Mdogo. Sikio la kushoto."

Nikaimwaga dawa sakafuni mbele yake. Nikaandika kwenye kadi kwa herufi kubwa kwamba sindano zimesimama, aendelee na vidonge tu kwa muda mrefu zaidi, na nikatia sahihi yangu, na kama hospitali wangetaka kunifukuza jina langu lilikuwa hapo. Alimeza vidonge vile zaidi ya mwaka mzima, hakukosa hata siku moja. Mlio ukapungua. Kifua kikapona. Masikio akabaki nayo.

Lakini asubuhi ile, dawa ikiwa bado inasambaa sakafuni, Wankuru aliishika kadi, akaitazama ile sahihi yangu moja iliyosimamisha sindano, akanyanyuka. Kwa mara ya kwanza tangu msibani alinitazama usoni.

"Ilikuwa rahisi hivi," akasema.